Chini kweupe: nilivyomwimbia shangazi akishusha mlingoti juu ya nyumba ya baba mkwe wake

Wakuu, kamwene.

Humu mimi ni msomaji wa kimya kimya wa siku nyingi. Leo ndiyo nafungua uzi wangu wa kwanza, kwa hiyo mnipokee taratibu.

Nina miaka kumi na saba, nipo kidato cha tatu, kwetu ni Kitandililo, Makambako. Mambo yangu huwa naandika kwenye daftari na yanaishia humo. Mbele za watu sauti yangu inakwama kooni. Mwalimu akiniuliza swali najibu huku naangalia viatu vyangu, halafu anamuuliza wa jirani yangu nimesema nini.

Nitasimulia nilichokiona na nilichokisikia. Pale ambapo nilifumba macho nitasema nilifumba macho, maana kuna sehemu nilifumba.

Uzi unamhusu shangazi yangu, mdogo wake baba. Nitamwita Shangazi Edina.

Kazi yake anapanda miti.

Ngoja. Najua mmeelewa vibaya, maana kila mtu anaelewa vibaya. Mkisikia "anapanda miti" mnafikiria vitalu, mashimo, miche ya paina. Hapana wakuu. Yeye anapanda kwa miguu na mikono, anakwenda mpaka kule juu kwenye matawi.

Hata wakwe zake walielewa hivyo hivyo. Alipokuja kuolewa, wazee walikaa, wakauliza binti anafanya kazi gani. Wazee wa kwetu wakajibu, "Anapanda miti." Baba mkwe wake, Babu Yeremia, alifurahi sana. Akajua familia imepata mkwe mwenye shamba la paina. Akawa anauliza kila siku, "Miti ya mkwe wangu imefikia wapi?"

Siku alipomkuta juu ya mkaratusi wa jirani, amevaa suruali na kofia ngumu, ananing'inia kama popo, alirudi nyumbani bila kusalimia mtu. Tangu hapo hakuuliza tena kuhusu miti.

Shangazi alianzia Ipelele kule Makete, alikuwa anapanda paina kuchuma mbegu za kitalu. Akahamia kwenye kupogoa. Baadaye watu wakaanza kumwita kwa ile miti mibaya iliyosimama karibu na nyumba, ambayo watu wa chensoo, ile misumeno ya mashine, wanaikwepa.

Ana msemo wake: "Wale wanaangusha. Mimi nashusha."

Kuangusha ni kukata shina, mti unalala chini na kila kitu chake. Kushusha ni kupanda juu, unakata tawi limefungwa kamba, linateremshwa polepole kama mtoto anayetolewa mgongoni. Ukimaliza matawi unashusha shina lenyewe kipande kwa kipande kutoka juu. Mpaka mwenye nyumba anabaki na kigogo kifupi ambacho hata kikianguka hakifiki mahali.

Wakuu, mimi niliona mti umesimama, halafu nikaona haupo, na kuku walikuwa bado wanadonoa pale pale.

Sasa niwaambie kilichonileta mimi kwenye kazi hii.

Kukata tawi juu ya nyumba kunahitaji watu watatu. Mmoja juu. Mmoja chini ameshika kamba ya tawi, ambaye ni Kaka Shukuru, kijana wa jirani mwenye mabega kama mlango wa stoo. Anaizungusha kamba kwenye shina la mti mwingine ili uzito usimburuze.

Wa tatu anaimba.

Msicheke. Hata mimi nilicheka.

Wa tatu anaangalia chini ya mti kama kuna mtu, mtoto, mbuzi, yeyote. Pakiwa wazi anaimba wimbo wao, ambao shangazi na rafiki yake wa kwaya waliutunga:

Chini kweupe, dada, chini kweupe,
aliye juu afanye kazi, chini kweupe.

Wimbo ukiendelea, shangazi anakata. Wimbo ukikatika, anaacha msumeno hapo hapo, hata kama amefika katikati. Ndiyo maana juu anatumia msumeno wa mkono, ule uliopinda. Chensoo anaiwasha mwisho kabisa kwa kigogo, kwa sababu ikiwa inanguruma hawezi kusikia wimbo.

Nilimuuliza kwa nini mtu asipige kelele tu, "Toka!"

Akanijibu, "Ukimpigia mtu kelele anafanya nini? Anasimama na kuangalia juu. Anasimama pale pale pabaya. Halafu hapa kwetu anayepita ni mzee. Utamwambia mzee toka?"

Nikasema hapana.

"Basi. Nyamaza tu. Kunyamaza hakumvunjii mtu heshima."

Yule rafiki yake wa kwaya amejifungua, kwa hiyo likizo hii ya mwezi wa sita shangazi akaja nyumbani akamwambia baba, "Naomba huyu kimya."

Baba akacheka. "Huyu? Huyu hata kuku hamfukuzi."

"Kwenye kwaya anaimba au haimbi?"

Kwenye kwaya naimba. Naimba mstari wa nyuma, nyuma ya mama mmoja mrefu.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa Njombe mjini, mparachichi wa kienyeji uliolalia paa la mwalimu mmoja mstaafu. Ule haukuwa wa kushusha, ulikuwa wa kupogoa. Baridi ya asubuhi ile mnaijua wenyewe, ukungu mpaka magotini.

Hapo ndipo nilipoanza kumpenda shangazi kwa namna nyingine, kando na undugu.

Ana vile vyuma vyenye ncha vya kufunga kwenye buti, vya kukwelea. Nikamletea. Akavikataa. Akasema vyuma ni kwa mti unaokufa leo. Mti unaobaki haupandwi kwa misumari, kila tundu ni mlango wa ugonjwa. Akapanda kwa kamba na magoti.

Tawi alilikata kwanza kwa chini, kidogo. Kisha kwa juu, mbele kidogo ya pale. Likakatika bila kuchuna ganda la shina. Kikabaki kisiki kifupi, akakikata mara ya mwisho karibu na shina, lakini akaacha kale kauvimbe ka shingoni mwa tawi. Akaniambia ganda jipya linaanzia kwenye kauvimbe kale, ukikakata umeuachia mti kidonda cha maisha.

Mti ulipomalizika ulikuwa kama mtu aliyetoka saluni. Mwanga unapita katikati.

Ila alipoteremka alinitazama.

"Mwanangu, unaimba kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani aliyegombana naye. Ilibidi nikate huku nimekushushia sikio."

Shukuru akadakia, "Mimi nilidhani ni mbu."

Nikataka kulia. Shangazi akanipa kikombe cha chai cha kwanza, kabla ya Shukuru na kabla yake.

Sasa tuje kwenye mlingoti.

Nyumbani kwa Babu Yeremia, nyuma ya nyumba, kulikuwa na mlingoti mkubwa, yaani mkaratusi. Mvua zilizopita ziliulegeza mizizi, upepo wa Makambako ukamalizia. Wanaoujua upepo wetu hawahitaji maelezo. Mti ukainamia nyumba. Kila upepo ukivuma unasikia udongo unapumua pale chini.

Babu anaishi peke yake tangu Bibi afariki, na chumba chake cha kulala kiko upande ule ule.

Watu wa chensoo walikuja wakazunguka, wakashika viuno. Wakamwambia, "Mzee, huu tukiuangusha unalala kitandani kwako. Bomoa nyumba kwanza." Wakaondoka.

Akabaki mtu mmoja tu wa kuuweza, na mtu huyo ni mkwe wake.

Babu akasema, "Mkwe wangu apite juu ya paa ninalolala chini yake? Afadhali mti."

Zikapita siku za kubembelezana. Mwishowe mume wa shangazi, Baba Tumaini, ambaye ni dereva wa lori na huwa safarini, akapiga simu. Tulikuwa jikoni, simu ilikuwa kwenye spika, nilisikia yote.

"Edina, mzee amekubali. Ila amesema atakwenda shambani, hataki kuona."

"Sawa, Baba Tumaini."

"Sikiliza. Maneno ya ukoo wangu kuhusu hii kazi yako nimeyabeba miaka yote. Ukivunja bati hata moja la baba, kamba unaziweka chini. Sitakuwa na uso wa kukutetea tena."

Shangazi akageuza viazi kwenye sufuria.

"Na nisipovunja?"

Lori likasikika likipita lori lingine.

"Usipovunja, hakuna mtu atakayenisemesha tena kuhusu hilo."

"Hilo nalo usilisahau."

Kwa hiyo wakuu mjue kilichokuwa pale. Kulikuwa na bati za mzee, na kulikuwa na kazi ya shangazi, ile anayoifanya mpaka uso wake unang'aa. Vyote viwili vilikuwa chini ya mlingoti mmoja.

Tulianza alfajiri kukipambazuka, kabla upepo haujaamka. Babu alikuwa ameshaondoka na jembe lake. Nyumba tukaifunga.

Huu ulikuwa mti wa kufa, kwa hiyo siku hiyo vyuma alivifunga. Akapanda. Kwa chini unamwona anakuwa mdogo, anakuwa mdogo, mpaka unaona soli tu. Akafunga kamba yake mwenyewe mahali pawili. Akafunga ya tawi. Akaita, "Kimya, haya!"

Kimya ndilo jina langu la kazi.

Nikaimba. Niwe mkweli, niliimba vizuri kidogo kuliko Njombe. Uani hakukuwa na mtu wa kuniangalia.

Majirani waliopita barabarani walisimama mbali. Mama mmoja akapaza sauti, "Edina! Utaota mkia wewe!"

Kutoka juu: "Nikiota nikae upande gani kanisani?"

"Kaa darini!"

Watu wakacheka, wakaenda zao. Matawi yakashuka moja moja. Kila tawi likikatika linabembea mara moja, Shukuru anaachia kamba kwa kipimo, linapita pembeni ya paa na kulala kwenye majani. Hakuna bati lililoguswa hata na jani.

Likabaki tawi kubwa, lile lililonyooka moja kwa moja juu ya chumba cha Babu na kivuli chake kinaangukia kwenye njia ya kuingilia uani. Hilo ndilo tulilokuwa tunaliogopa. Na upepo ulikuwa umeshaanza kunusa nusa.

Shangazi akakata kwa chini. Akahamia juu. Msumeno ukafika katikati. Naimba, chini kweupe, dada.

Babu Yeremia akaingia.

Baadaye nilijua kwa nini. Kule shambani alitegea sikio chensoo. Hakuisikia. Akajua kazi imekwisha zamani, akabeba viazi vyake akarudi nyumbani kula. Mtu wa misitu yetu anajua mti unakatwa kwa kelele.

Akasimama kwenye njia. Pale pale. Akanikuta mjukuu wake nimesimama kama nguzo.

Nikanyamaza.

Msumeno ukanyamaza.

"Kamwene, mchumba," akasema Babu. Huwa ananiita hivyo kwa utani.

Mguu wangu ukapiga goti wenyewe. "Kamwene, Babu."

"Mmeamkaje?"

"Tumeamka salama."

"Baba yako?"

"Mzima."

"Mama yako mgongo vipi?"

Tawi likalia. Kriii. Ni sauti ndogo, ila mimi niliisikia kwenye meno.

Shukuru akiwa ameiegemea kamba, shingo imemvimba, akajaribu. "Babu, samahani, naomba..."

Babu akamnyooshea kiganja bila kugeuka. "Subiri kijana, namsalimia mwenzio kwanza. Haya mchumba, mgongo?"

Najua kuna mtu hapa atakomenti "si ungepiga kelele tu?" Mkuu, wewe hujalelewa Kitandililo. Na pia nilikumbuka maneno ya shangazi: atasimama na kuangalia juu. Na juu angemwona nani? Mkwe wake, juu ya kichwa chake. Angeduwaa hapo mpaka tawi limshukie.

Na shangazi je? Kwake ni baba mkwe. Hawezi kumfokea akiwa amemkalia juu. Alikuwa amejifunga kule, mkono mmoja umekumbatia tawi kana kwamba nguvu zake zingelizuia. Alikuwa ananisubiri mimi.

Nikawaza nianze kuimba nimtulize Babu. Halafu nikaufunga mdomo. Nikiimba, anakata.

Yaani siwezi kusema, siwezi kuimba.

Ndipo nikauona ule mfuko wa viazi begani kwake.

Wakuu, kwetu mzee akifika na mzigo, mtoto anaupokea. Hatuulizani. Nikasogea, nikaingia chini ya lile tawi mimi mwenyewe, nikasema, "Babu, shikamoo tena, nakupokea."

"Marahaba. Ahaa, mtoto ana adabu huyu."

Nikautoa mfuko begani kwake, na jembe, nikageuka, nikaanza kutembea kuelekea kwa jirani. Sikukimbia. Nilitembea kama napeleka mzigo jikoni.

Mtu anafuata mzigo wake. Babu akanifuata, anaendelea, "Na shule? Hesabu bado zinakusumbua? Mbona viazi vyangu vinakwenda kwa watu?"

Tukavuka uzio. Nikaweka mfuko chini, nikageuka, nikatazama ile njia. Ilikuwa tupu.

Nikaimba.

Sijui ile sauti ilitoka wapi. Nadhani ilikuwa imehifadhiwa tangu darasa la kwanza. Mama mmoja alisema aliisikia mpaka barabarani.

Chini kweupe, dada, chini kweupe!

Hapa ndipo nilipofumba macho. Nilisikia msumeno, kidogo tu, halafu mpasuko, halafu kamba ikilia kwenye gome. Nikasubiri sauti ya bati.

Haikuja.

Nilipofumbua, tawi lilikuwa linaning'inia likiwa zima, linageuka polepole, ncha yake inapapasa ile njia mahali ambapo Babu alikuwa ananiuliza habari za mgongo wa mama. Shukuru akaliachia, likalala.

Babu alikuwa ameliona. Aliangalia njia. Akaniangalia mimi. Kisha akainua uso, taratibu, akamwona.

Sikuthubutu kuacha kuimba, kwa sababu kazi ilikuwa bado inaendelea, shina lilibaki. Nikaimba huku namwogopa. Nikajua sasa ataondoka, au atasema neno ambalo litafika kwa Baba Tumaini kabla ya jioni.

Babu akavua kofia. Akakohoa.

Akaingia kwa besi.

"Kweupe... kweupe..."

Sikujua kama Babu aliwahi kuimba. Sauti imechakaa lakini imenyooka, inajua mahali pa kukaa. Mimi juu, yeye chini, na shangazi kule katikati ya anga akaanza kushusha shina kipande kwa kipande. Aliposikia besi alisimama kidogo, nikaona kofia yake inageuka kutafuta. Kisha akarudi kwenye msumeno. Nadhani aliijua sauti.

Babu hakutoka pale mpaka mwisho. Mbuzi wa jirani alipoingia uani, yeye ndiye aliyenyamaza wa kwanza. Nikanyamaza naye. Msumeno ukakoma. Akanigeukia, macho yamemtoka kwa furaha kama mtoto aliyegundua swichi ya taa. "Kumbe ndivyo!"

Mwisho shangazi akateremka, chensoo ikawashwa kwa kigogo, kikalala upande wa bustani. Babu akazunguka nyumba yake yote. Anaangalia bati, anarudi, anaangalia tena. Hakuna hata mkwaruzo.

Shangazi akavua kofia ngumu, akajipangusa vumbi la mbao, akajifunga kitenge juu ya suruali, akapiga goti kwa heshima zote za mkwe.

"Kamwene, Baba."

Babu akairudisha kofia yake kichwani.

"Kamwene, fundi."

Hakusema mkwe. Alisema fundi. Shangazi akabaki ameinamisha kichwa, na mimi niliyekuwa pembeni niliona machozi yanadondoka kwenye buti.

Babu akaendelea, "Siku ile waliponiambia unapanda miti nilifurahi, halafu nikaona nimedanganywa. Kumbe hawakunidanganya."

Akaangalia ule uwazi mkubwa uliobaki angani.

"Sasa kesho uje unipandie mwingine hapa. Ule wa kuchimba shimo. Na uwe mbali na nyumba, mimi sina sauti ya kuimba kila mwaka."

Jioni simu ya Baba Tumaini ilikuja. Shangazi alimpa Babu aongee mwenyewe. Sikusikia yote, maana nilikuwa naosha vikombe, lakini nilisikia Babu anasema, "Mimi niliimba besi," mara kadhaa.

Nilichojifunza wakuu. Nilikuwa nadhani ukimya wangu ni ugonjwa, na dawa yake ni kulazimishwa kuongea. Siku ile mtu aliyekuwa juu kabisa alikuwa anautegemea. Aliniamini kwamba nikinyamaza nina sababu. Tangu hapo nikinyamaza sijisikii vibaya sana, na nikifungua mdomo nahakikisha chini kweupe.

Mche umepandwa, ni mparachichi, upo mbali kabisa na nyumba. Shangazi aliupanda kwa jembe la Babu, na Shukuru akauliza kama na huo aimbiwe.

Kama kuna wapandaji humu, wa aina yoyote ile, niambieni ninyi huko kwenu mnaashiriana vipi mtu akiwa juu. Na mliolelewa kama mimi, niambieni: mzee angesimama chini ya tawi, ninyi mngefanyaje? Nitasoma zote. Kujibu nitajibu polepole, mnanijua sasa.